Kuta za kanisa zilinisomesha bila ada

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ulichapa barua ya msomaji wa Lindi mjini aliyekerwa na habari za kanisa kuu la Notre-Dame la Paris. Alikumbusha kwamba liliungua jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, watu wakachanga zaidi ya yuro milioni 800, na Desemba 2024 likafunguliwa tena linang'aa. Halafu akauliza mawe ya Wazungu yanatuhusu nini sisi wa Kusini, ambao zahanati zetu bado zinasubiri dawa. Kuhusu zahanati sina ugomvi naye. Ila aliongeza sentensi moja iliyonikosesha usingizi, kwamba majengo makubwa ya ibada hayana faida yoyote kwa mtu asiyesali humo.

Mimi ndiye huyo asiyesali humo.

Ni Mwislamu, mkazi wa Majengo, Mtwara. Nachora mabango na kupaka rangi nyumba tangu nikiwa kijana wa kubeba ndoo. Kama umewahi kupita mjini kwetu ukaona kichwa cha kinyozi chenye rangi nne, au ng'ombe aliyenenepa kupita kiasi kwenye ukuta wa bucha, huenda umeiona kazi yangu. Shule niliishia darasa la saba. Kuchora nimefundishwa na ukuta wa kanisa.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Paulo, hapa hapa Majengo. Ndani yake ukuta wa mbele na kuta za pembeni zimejaa picha za Biblia kwa rangi zilizokolea, kazi ya Padri Polycarp Uehlein, Mbenediktini kutoka Ujerumani, iliyomchukua kama miaka miwili. Alichora pia makanisa ya Nyangao, Lindi na kwingineko Kusini. Mimi sikumkuta juu ya jukwaa. Nilizikuta picha.

Ilikuwa siku ya mvua. Bosi wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kazi ya kupaka duka la jirani, mvua ikatufumania na rangi ya maji mbichi ukutani. Yeye akabaki anayatukana mawingu, mimi nikakimbilia kibarazani kwa kanisa. Mlango ulikuwa wazi, mama mmoja anafagia. Akaniambia, "Ingia mwanangu, utaloa." Nikamwambia mimi si wa humu. Akanijibu, "Mvua nayo si ya humu."

Nikaingia na ndoo yangu. Mpaka siku ile nilidhani rangi ni kitu cha kufichia nyufa. Nilirudi nyuma hadi benchi la mwisho, karibu kabisa na mlango, na bado kila mtu ukutani nilimwona anafanya nini: huyu anaomba, huyu kashangaa, yule kachoka. Hapakuwa na maandishi, wala sikuzijua habari zao. Ilikuwa kazi ya shingo imeinama wapi na mkono umekaaje. Na bango, mhariri, ndiyo hivyo hivyo. Mtu anapita juu ya bodaboda, ana sekunde tatu, lazima ajue hapa panauzwa soda au majeneza.

Mvua ilikatika nisijue. Nilizinduliwa na bosi akiniita kwa majina ambayo hutayachapa.

Nikawa narudi, mchana, siku za kazi, kanisa likiwa tupu. Yule mama akanizoea. Nilinakili kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Bango langu la kwanza la peke yangu lilikuwa la kinyozi wa Magomeni. Mteja mmoja akalitazama weee, mwisho akasema, "Fundi, mbona huyu anayenyolewa ana sura ya Mtume Petro?" Kinyozi hakukataa kulipa, ila alipunguza. Mama yangu mzazi aliposikia ninakoshinda hakufurahi, mpaka nilipomweleza kwamba msikitini hatuchori watu na wala sina nia ya kuchora. Herufi nilizipata madrasa, kwa wino wa mwalimu wetu wa khati. Watu nimewapata kanisani. Mtu wa mabango anahitaji vyote viwili.

Miaka ilipita ndipo nikasikia kwamba padri yule alifundisha vijana, na aliyevuma kuliko wote ni Henry Likonde, wa Mtwara hapa hapa. Nikakodi pikipiki hadi Mahurunga, kule karibu na mpaka wa Msumbiji, kwenye kakanisa kadogo juu ya kilima. Likonde alizichukua habari zile zile za Biblia akazihamishia kwetu. Watu wake ni Waafrika. Nilikaa mle mpaka mwenye pikipiki akaanza kupiga honi. Kazi nyingine ya Likonde iko kwenye kanisa kuu la Songea, huko sijafika. Lakini nilitoka Mahurunga najihesabu ukoo: mwalimu wa Ujerumani, mwanafunzi wa Mtwara, na mimi mjukuu wa kuiba kwa macho.

Najua wajuzi watanisahihisha kwamba la Majengo ni kanisa la parokia. Kanisa kuu ni lile lenye kiti cha askofu, hata liwe dogo, na neno kathedra lenyewe maana yake ni kiti. Sawa. Mchoraji lakini haulizi kiti kiko wapi. Anauliza ukuta una upana gani na mlango unafungwa saa ngapi.

Nina kitabu cha picha nilichokiokota kwenye mitumba sokoni. Hakina jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hata jina lake silijui. Binti yangu, ambaye sasa ni mwalimu wa sekondari, hunisomea Kiingereza chake jioni umeme ukiwepo. Humo ndimo nilimokutana na Monet. Mfaransa huyu, kati ya 1892 na 1894, alichora kanisa kuu la mji wa Rouen zaidi ya mara 30. Kanisa hilo hilo, na karibu kila mara uso ule ule! Alikodi vyumba vinavyolitazama, kimojawapo kwenye duka la nguo za kike, akawa anafanya kazi na turubai nyingi kwa wakati mmoja. Jua likisogea, na yeye anahamia nyingine. Mwaka 1895 akazionyesha 20 kwa pamoja Paris. Binti yangu akasema huyu mzee alikuwa na shida. Mimi nilimwelewa palepale. Mwaka huo huo wa 1895 Wajerumani walijenga Boma la Mikindani, na boma lile nimelitazama tangu utoto: saa moja asubuhi lina rangi ya ganda la yai, saa sita linaumiza macho, magharibi linaiva kama embe bolibo. Tangu nimjue Monet, mteja akiniambia "paka nyeupe" huwa namuuliza nyeupe ya saa ngapi. Wengine hudhani nimeanza kuzeeka.

Ukurasa uliochakaa kuliko yote ni wa mchongaji Rodin. Kuna mzee wa Kimakonde, mzaliwa wa Newala, anachonga mpingo uani kwake, mtaa wa pili kutoka kwangu. Siku moja nikampelekea kitabu. Picha ni ya mikono miwili iliyochongwa kwa jiwe mwaka 1908, imesimama wima, vidole vinakaribiana bila kushikana. Jina lake: Kanisa Kuu. Nikamuuliza, "Babu, kanisa liko wapi hapa?"

Hakujibu. Aliweka tezo chini, akapangusa viganja kwenye kaptura, akainua mkono wake wa kulia akaulinganisha na picha. Akainua wa kushoto, akautazama, akaushusha. Akaniambia, "Lete wako." Nikatoa wa kushoto, akaupiga kofi. "Wa kulia!" Tukaisimamisha hivyo, wake mweusi kwa vumbi la mpingo, wangu wenye rangi ya mafuta kwenye kucha. Ikakaa sawasawa na picha.

"Hii ni mikono ya watu wawili," akasema. "Yote ya kulia. Mtu mmoja hawezi."

Miaka minne nilikuwa naitazama picha ile nikidhani ni mtu anaomba dua. Binti akaangalia kwenye simu, na ni kweli, ni mikono miwili ya kulia. Mzee hata hakuuliza simu imesema nini. Yeye alikuwa bado anaangalia ule uwazi uliobaki katikati ya viganja. "Jiwe kalitoa," akasema, "akaacha chumba." Kisha akanionyesha mti wa ujamaa aliokuwa anauchonga, watu wamebebana kutoka chini hadi juu, akaingiza kidole kwenye tundu kati ya mgongo wa mmoja na goti la mwingine. Tundu lile peke yake lilimla siku tatu, na mnunuzi anapolipa anahesabu vichwa. Rodin naye alizunguka makanisa makuu ya Ufaransa miaka mingi, akichora na kuandika, na kitabu chake juu ya makanisa hayo kikatoka mwaka 1914. Naamini alikuwa anatafuta matundu.

Waandishi nao nisiwaache. Ndugu yetu wa Lindi ajue kwamba hiyo Notre-Dame anayoisema, ambayo ilianza kujengwa mwaka 1163, mwanzoni mwa karne ya 19 ilikuwa imechakaa vibaya. Victor Hugo akatoa riwaya mwaka 1831, kanisa lenyewe likiwa kama mhusika, wasomaji wakaanza kulionea uchungu, na miaka ya 1840 ukarabati mkubwa ukaanza. Ule mnara mwembamba tuliouona kwenye televisheni ukianguka na moto ulitokana na ukarabati huo. Riwaya iliezeka paa. Nioneshe zahanati iliyoezekwa na riwaya nami nitanyamaza.

Mwingine ni Marcel Proust. Huyu nampenda kwa sababu alifanya hiki ninachofanya sasa, aliandikia gazeti. Ilikuwa Agosti 1904, katika Le Figaro, Wafaransa wakiwa kwenye mabishano ya kutenganisha dini na serikali. Alionya kwamba ibada zikikoma, makanisa makuu yatakufa yabaki makumbusho. Na hakuwa mtu wa kanisani, alitaka tu nyimbo zisitolewe ndani. Binti yangu aliponisomea hayo, kwaya ya jirani ilikuwa kwenye mazoezi, ngoma na kayamba zinavuka ukuta, nami naosha brashi. Nikamwambia asome tena taratibu.

Kifo cha aina hiyo nimekiona kwa upande wetu pia. Mwaka juzi nilivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Msikiti Mkuu ulianza karne ya 11, ukapanuliwa karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule yule aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Ukiingia, nguzo zinakupokea moja baada ya moja, na juu kuna kuba zilizosimama na nyingine zilizokwisha kufunguka, unaona mawingu. Jirani yake kuna msikiti mdogo wa kuba ambao dari yake ilipachikwa mabakuli ya kung'aa, wazo ambalo nililiiba palepale, nikalitumia kwa vigae vilivyovunjika kwenye mgahawa mmoja wa Chuno. Mafundi wale hawakuchora hata mtu mmoja na bado walinifundisha. Mawe yanatunzwa, yako kwenye urithi wa dunia tangu 1981, nashukuru. Lakini nilipovua viatu mlangoni, kijana aliyetutembeza akaniambia, "Mzee, si lazima." Wageni wawili wakaipiga picha miguu yangu.

Na wanafikra? Barua inarefuka, nitataja wawili tu. Edward Steere, askofu Mwingereza aliyeshuka Lindi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani akaenda kuwaweka Masasi, ndiye huyo huyo aliyekuwa anajenga kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, na kabla ya hapo alishakusanya hadithi za Kiswahili na kuandika sarufi yake. Huko Mkunazini watakuonyesha nguzo zinazosemekana mafundi walizisimamisha juu chini askofu akiwa safarini. Fundi yeyote anayejua bosi kasafiri atasadiki. Wa pili ni Trevor Huddleston, askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu, huko Johannesburg, ndiye aliyempatia Hugh Masekela, mwanamuziki maarufu wa Afrika Kusini, tarumbeta yake ya kwanza, Masekela akiwa mvulana wa shule. Ndugu zangu wa Masasi, mnalijua hilo?

Sasa nije kwenye kilichonifanya nichukue kalamu, maana yote hayo yanaweza kuwa kujikosha tu.

Miaka sita iliyopita niliitwa kwenye kanisa moja la kijijini. Dhehebu sisemi, wilaya sisemi. Lilikuwa linajiandaa kwa sherehe. Kamati ilishaweka dari ya jipsamu na marumaru za kuteleza, ukabaki ukuta wa mbele, nyuma ya madhabahu. Ukutani palikuwa na picha ya zamani ya wavuvi wanavuta wavu, na mtumbwi wao ni mtumbwi wetu hasa, wa gogo. Jina la aliyeichora hakuna aliyelikumbuka. Masikio aliyakosea, nakiri. Lakini mkono wa mvuvi wa mbele, ule unaovuta kamba! Mishipa imesimama, kidole gumba kimebonyea kwa uzito, kamba imezama kwenye nyama ya kiganja. Mimi mkono ule siuwezi.

Mwenyekiti akasema picha inafanya kanisa lionekane la kizamani. Ipigwe nyeupe, mikono mitatu, ufundi shilingi laki moja na themanini, rangi juu yao. Sikumuuliza nyeupe ya saa ngapi. Binti alikuwa chuoni na ada ilikuwa inadaiwa.

Sisi mafundi, mhariri, kila mpako tunauita mkono. Mkono wa kwanza watu bado wanaonekana, kama wamelala ndani ya chandarua. Wa pili wanabaki madoa ya chai. Wa tatu hakuna kitu. Nilianzia kwenye masikio, nikamalizia na ule mkono wa kamba. Katekista alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Nilipoteremka akasema, "Haya, fundi. Basi tena."

Kuna jambo sikumwambia yeye wala mwenyekiti. Picha ile ilikuwa ya rangi ya mafuta. Rangi ya maji haishiki juu ya mafuta mpaka upige msasa ukuta mzima, uukwaruze, ndipo uweke andakoti. Kila fundi analijua hilo, hata wa kubeba ndoo. Mimi sikupiga msasa. Nilipangusa vumbi kwa kitambaa nikaanza kazi. Ulikuwa uvivu, ilikuwa haraka, au ilikuwa huruma, mpaka leo sijui.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa kamati za ujenzi za Mtwara na Lindi, za makanisa na za misikiti pia, maana kuna maandishi ya zamani kwenye vibla vya vijijini nayo yanapigwa chokaa. Kabla hamjamwita mtu kama mimi, mwiteni mtu mwenye kamera, mchana, madirisha yakiwa wazi. Waulizeni wazee ni nani alichora, mliandike jina. Kama picha imewachosha, tundikeni pazia mbele yake, pazia linaondoleka. Na mlango uachwe wazi japo mchana mmoja kwa wiki. Msomaji wa Lindi naye namwomba: mjini kwako kuna kazi ya Padri Uehlein. Nenda ukasimame benchi la mwisho, kisha uandike tena.

Jumamosi iliyopita katekista yule amenipigia simu. Mvua za mwaka huu zimeingia ukutani, rangi imeanza kubanduka vipande vipande kama gamba la nyoka, na nyuma ya madhabahu umetokea mkono. Mkono tu, unavuta kamba, mwenyewe haonekani. Watoto hawasikilizi tena mahubiri, wanaukodolea macho. Kuna mwenyekiti mpya, anataka nirudi nipige mkono wa nne, na safari hii ameambiwa na mtu kwamba lazima kwanza nipige msasa. Nimemjibu nakuja Jumatatu. Mfuko nimeshaufunga: kisu cha puti, sponji, sabuni ya unga na simu ya binti yangu yenye kamera nzuri. Msasa sijanunua.

Jina langu unalo, mhariri. Naomba usilichape mpaka Jumatatu ipite.

Mchora mabango,
Majengo, Mtwara.